Nyumba Namba Sita, Chini ya Tangi

Bomba kubwa linalopeleka maji upande wa mtaa wa Langas lilipasuka wiki ya pili ya Januari. Mafundi walipolichimbua, watu waliokuwa wakipita njia walisimama kuangalia kipande kilichotolewa. Kilikuwa kimeliwa na kutu hadi mtu angeweza kukivunja kwa mkono. Kilikuwa kimezikwa pale kabla ya wengi wa waliokitazama kuzaliwa. Kikawekwa kipande kipya, lakini baada ya siku tatu bomba likapasuka mita mia mbele, kisha tena. Mwishowe likatoka tangazo kwamba maji yatakuwa yakifunguliwa polepole, kila mtaa siku moja kwa wiki, ili bomba lisizidiwe. Langas ilipewa Alhamisi.

Ploti ya Mzee Kigen haikuwa imezoea shida ya maji. Kila moja ya nyumba zake kumi za chumba kimoja ilikuwa na mfereji ndani, na akina mama wa ploti za jirani, waliobeba mitungi kutoka kisimani, walikuwa wakiwatania wapangaji wake kwamba wanaishi kama wako Ulaya. Raha hiyo ilitoka kwenye mnara wa chuma wa futi ishirini, uliosimama nyuma ya nyumba namba sita ukibeba tangi jeusi la lita elfu tano. Pampu ndogo ilisukuma maji hadi juu, nayo yakashuka yenyewe hadi kila nyumba. Sasa tangi lililojazwa Alhamisi lilikauka Jumapili, na kuanzia Jumatatu wapangaji walinunua maji ya mkokoteni ambayo hakuna aliyejua yametekwa wapi.

Jumamosi ya kwanza ya Februari Mzee Kigen alikuja kutoka shambani kwake Cheptiret na pikapu iliyobeba tangi la pili, sawa na la kwanza. Alikuwa karani wa ghala la nafaka kabla ya kustaafu, na kiinua mgongo chake chote kilikuwa kwenye ploti hii. Alikuwa ameuza ng'ombe wawili wa maziwa ili kununua tangi hilo, na wapangaji walijua. Dahabo, mwenye duka la mchele na sukari kwenye chumba cha mbele, alitoka dukani akamshukuru akiwa ameshika mkono wake kwa mikono miwili. Mama yake alikuwa amepooza upande mmoja, mwaka wa pili huu, na shuka zake zilihitaji kufuliwa kila siku. Phineas wa namba nne, aliyefundisha watu kuendesha magari, alisaidia kushusha tangi akasema sasa ndiyo wataoga kama binadamu.

Mzee Kigen alimwita Murunga wa namba sita. Murunga alikuwa fundi wa kuchomelea. Alikuwa na kibanda kando ya barabara alikotengeneza mageti na madirisha. Mzee alimwambia apanue jukwaa la juu ili matangi mawili yakae pamoja kabla ya Alhamisi. Wapangaji wote walikuwa wakisikia. Murunga alitazama juu, akatazama miguu ya mnara, akasema apewe kesho aiangalie kazi kwanza.

“Uangalie nini?” Mzee Kigen alicheka. “Si ni mnara wako? Wewe ndiye uliyeuponya.”

Hilo lilikuwa kweli. Miaka minne nyuma miguu ya mnara ilikuwa imeanza kuliwa karibu na ardhi, na Mzee Kigen alimtafuta Murunga aizibe. Wakati huo Murunga na mkewe Jeruto walikuwa wakiishi kwenye chumba cha mabati kilichovuja, na binti yao Faith alikuwa akikohoa tangu mvua ianze. Mzee alimwambia kwamba akifanya kazi hiyo vizuri na haraka, atampa nyumba namba sita kwa kodi ya chini kuliko wengine wote, kwa kuwa hakuna mpangaji aliyependa kukaa chini ya tangi. Murunga alijua kwamba chuma kilichooza hukatwa, kikawekwa kingine. Alijua pia kwamba ukichomelea juu ya kutu, unachomelea hewa. Alikwangua palipoonekana, akabandika vibao vya chuma, akapaka rangi ya fedha. Ilipendeza. Walihamia wiki iliyofuata, na kikohozi cha Faith kikaisha.

Jumapili, watu walipokuwa kanisani, Murunga alichukua nyundo akaenda nyuma ya nyumba. Aligonga mguu wa kwanza, ukalia. Wa pili na wa nne nayo ikalia. Wa tatu, ule uliokuwa karibu kabisa na ukuta wa nyumba yake, ulitoa sauti ya gunia la mchanga. Alikwangua rangi kwa bisibisi. Nyuma ya kibao alichokibandika, kutu ilikuwa imeendelea kula kimyakimya miaka yote minne, na mshono wake ulikuwa umeachia upande mmoja, ufa wa kuingiza ukucha. Alipogusa pale, vidole vilitoka na maji mekundu.

Alikaa chini akiegemea ukuta. Alipiga hesabu ambayo kila fundi anaijua: lita moja ni kilo moja. Tangi likijaa ni tani tano. Yakijaa mawili ni kumi. Nyuma ya ukuta aliouegemea kulikuwa na kitanda cha watoto na cherehani ya Jeruto, ambaye alishona sare za shule kutwa nzima akiwa na mtoto wao mdogo, Wasike, miguuni pake.

*

Alimwambia Jeruto jioni ileile, watoto wakiwa wanacheza nje. Hakumwambia yote kwa mara moja. Alianza na uzee wa chuma, akaja kwenye uzito wa tangi la pili, akasema pengine ni vizuri kitanda cha watoto kisogezwe upande wa mlango. Jeruto alikuwa akipiga pasi kola za mashati. Aliiweka pasi kando.

“Mguu huo si wewe uliutengeneza?”

“Ni mimi.”

“Na wakati unautengeneza ulijua?”

“Sikujua utafika hapa.”

“Sijakuuliza hivyo, Baba Faith.”

Murunga alitazama mikono yake. “Nilijua kidogo,” alisema.

Jeruto hakupaza sauti. Alikunja mashati moja baada ya jingine, akayapanga, kisha akauliza kama hicho kidogo alichojua kilimtosha yeye kulala usingizi miaka minne karibu na watoto wake. Jeruto akamwambia basi kesho ampigie Mzee simu amwambie ukweli wote, tangi jipya lisipande na la zamani lisijazwe. Yeye mwenyewe hakungoja kesho. Alivuta kitanda cha watoto hadi mlangoni, kikaziba njia, na tangu siku hiyo kila aliyeingia ilibidi akiruke.

Murunga alipiga simu, lakini ulimi ulimgeuka. Alisema mnara umezeeka, hauwezi kubeba zaidi. Mzee Kigen aliuliza mbona miaka minne iliyopita alimhakikishia kwamba utamzika yeye Mzee. Hapo ndipo Murunga alipotakiwa kusema kwamba kazi yake ilikuwa mbovu, na hapo ndipo aliposhindwa. Alisema tu kwamba vyuma hubadilika. Mzee Kigen alimwambia kwa upole wenye makali kwamba kama ni mambo ya kuongezewa malipo angesema waziwazi, badala ya kutisha watu. Siku iliyofuata akaja fundi mwingine, Wepukhulu, kijana mwenye kibanda hatua chache kutoka kwa Murunga, akaanza kupanua jukwaa.

Murunga alimfuata alipokuwa akifunga ngazi. Alimuuliza kama ameangalia miguu. Wepukhulu alikuwa na adabu, lakini hakuacha kufunga kamba.

“Mimi nimeambiwa nitengeneze juu, bro. Miguu ni kazi yako.”

Kufikia Jumatano tangi jipya lilikuwa juu, na habari zilikuwa zimeenea kwamba Murunga alitaka kupandisha bei akanyimwa kazi, na sasa anatia watu hofu kwa sababu ya wivu. Jeruto alipita mlango kwa mlango akiwaomba wenzake wakatae tangi lisijazwe. Hakusema mumewe amefanya nini. Alisema tu kwamba mguu mmoja umeoza. Walimsikiliza wakiwa wamesimama mlangoni, bila kumkaribisha ndani. Mmoja alimuuliza kama yuko tayari kumnunulia maji ya mkokoteni. Dahabo pekee ndiye aliyemketisha na kumpa chai. Alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwonyesha pazia lililomtenga mama yake na duka.

“Mama Faith, mimi nakuamini kwamba unaogopa,” alisema. “Lakini mimi ninamgeuza huyu mara nne kwa siku, na jana nimemfuta kwa kitambaa kikavu. Unaniambia nikatae maji kwa sababu ya kitu ambacho labda hakitatokea. Nikikataa, nitamwosha na nini?”

Jeruto alimaliza chai, akashukuru, akarudi kwake.

*

Maji yalifika Alhamisi saa nne asubuhi. Yalianza kwa kukohoa kwenye bomba la getini, yakatoa matope, kisha yakasafika. Phineas aliwasha pampu, na watu wakatoka nje kusikiliza maji yakipanda. Jeruto alimbeba Wasike mgongoni, akampeleka Faith kwa Dahabo, kisha akazunguka nyuma ya nyumba. Aliusikia mnara ukilia, mlio mdogo wa chuma kikisugua chuma, kila baada ya muda. Alitazama mguu wa tatu. Maji mekundu yalikuwa yakitiririka kutoka chini ya kibao.

Alikwenda getini, akachomoa waya wa pampu, akauzungusha mkononi mara tatu na kusimama mbele ya soketi.

Hakuna aliyemgusa, kwa kuwa alikuwa na mtoto mgongoni, lakini maneno yalikuwa mengi. Phineas alimkumbusha kwamba maji yanafungwa saa kumi na moja, na kwamba kila dakika anayosimama pale anaiba maji ya nyumba kumi. Mwanamke mmoja alisema wenye kodi ya chini ndio wenye maringo. Jeruto alimpigia mumewe simu mbele yao wote. Alimwambia maneno machache tu: aje, na safari hii aseme.

Murunga alifika kwa bodaboda akiwa bado amevaa aproni ya ngozi. Mkononi alikuwa na nyundo na bisibisi. Alipita katikati ya watu bila kuwasalimu, akaenda nyuma ya namba sita, nao wakamfuata, hata Dahabo aliyeacha duka wazi. Alipiga magoti kwenye mguu wa tatu na kuweka ncha ya bisibisi juu ya rangi ya fedha, mahali palipoonekana pazima kabisa. Akaipiga nyundo mara moja, si kwa nguvu. Bisibisi iliingia hadi kwenye mpini.

Alipoichomoa, maji yenye rangi ya chai yalimwagika juu ya kiatu chake.

“Hii kazi niliifanya mimi,” alisema. “Niliifanya vibaya, na wakati naifanya nilijua. Nilitaka nyumba.”

Mtu mmoja nyuma alirudi hatua mbili, kisha wote wakarudi. Phineas, ambaye nyumba yake ilikuwa ya pili kutoka pale, aliuliza kwa sauti ndogo tangi la zamani limefika wapi. Jeruto alisema, kwa muda ambao pampu ilifanya kazi, linakaribia nusu na jipya bado ni tupu. Murunga akawaambia kwamba hawezi kupanda kuondoa tangi mnara ukiwa na maji juu, na hawezi kuwaahidi kwamba utasimama hadi kesho. La kufanya lilikuwa moja: kila mfereji ufunguliwe sasa hivi, maji yashuke.

Hivyo ndivyo walivyofanya, na ilikuwa ajabu kwamba siku waliyoogopa kukosa maji ndiyo siku waliyokuwa na maji mengi kuliko vyombo. Walijaza sufuria, ndoo, mabeseni, ndoo za rangi, hata buti la mvua la mtoto. Dahabo alimimina mchele wake kwenye magunia, akatoa mapipa mawili makubwa. Tangi la zamani lilipokauka, Murunga na wanaume watatu walipanda mmoja mmoja, wakalifunga tangi jipya kamba na kulishusha polepole, likakaa chini kando ya geti. Wakaliunganisha na bomba la barabarani bila pampu. Lilikuwa limejaa robo tatu maji yalipofungwa.

*

Mzee Kigen alifika maji yakiwa yamefungwa tu. Phineas alikuwa amempigia simu mchana akamweleza nusu, na hiyo nusu ilimtosha kumkasirisha. Alianza kusema tangu akiwa getini: nani amempa nani ruhusa, tangi la ng'ombe wawili limewekwa chini kama la kunyweshea ndama, na Murunga ahame mwisho wa mwezi. Murunga hakujitetea. Alimpeleka nyuma ya nyumba na kumwonyesha tundu. Mzee Kigen aliinama kwa shida, akaingiza kidole. Kidole kiliingia chote. Alibaki hivyo kwa muda, kama mtu anayepima joto la maziwa, kisha akakitoa na kukifuta kwenye koti.

“Hapa nyuma ya ukuta ni wapi?” aliuliza.

“Ni watoto wanalala, Mzee.”

Mzee Kigen aliomba kiti. Alipoletewa, alikaa akaanza kusema akiutazama mnara, si mtu. Alisema kwamba kabla ya kumtafuta Murunga, alikuwa amemwita fundi mmoja mzee, ambaye Murunga hakuwahi kumjua. Fundi huyo alimwambia miguu yote ikatwe na mnara usimamishwe upya, la sivyo asimwite tena. Kazi ilikuwa kubwa. Yeye Mzee akamwambia fundi huyo aende. Kisha akamtafuta mtu ambaye hangekuwa na nguvu ya kumkatalia.

“Nilikuchagua kwa sababu ulikuwa na shida,” alisema.

Murunga aliinamisha kichwa. Pengine wanaume hao wawili wangepeana mikono, na mambo yangeishia hapo kwa heshima. Lakini Jeruto alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba, Wasike amelala mgongoni.

“Kwa hiyo mlijua nyinyi wawili,” alisema. “Aliyeweka mnara alijua, na aliyeuziba alijua. Sisi tuliolala chini yake ndio hatukuambiwa.”

Mzee Kigen aliinuka, akamwambia Murunga kwamba Jumamosi auangushe mnara, na kwamba habari ya kuhama asahau. Alipokuwa akitoka alisimama mbele ya Jeruto kama anayetaka kusema kitu, akakosa, akamtakia safari njema kana kwamba ni Jeruto aliyekuwa akisafiri.

*

Tangi la zamani lilishushwa, na mnara ukakatwa na kulazwa kipande kwa kipande. Mguu wa tatu ulivunjika wenyewe kabla ya kukatwa wote. Hata hivyo hakuna aliyejua kama mnara ungeanguka siku ile ya Alhamisi, au mwaka ujao, au usianguke kabisa. Phineas alikuwa na maoni yake, na mwanamke wa namba tisa alikuwa na yake. Walichojua wote ni kwamba sasa hakuna mfereji unaotoa maji ndani ya nyumba. Walichota kwa ndoo kutoka kwenye tangi la getini, na wa mwisho kwenye mstari alinung'unika kila asubuhi kwamba zamani hawakuwa hivi. Mwisho wa mwezi Mzee Kigen aliwaarifu Murunga na Jeruto kwa upole kwamba, kwa vile hakuna tena tangi juu ya namba sita, kodi yake itakuwa kama ya wengine. Jeruto alichukua kazi ya kushona sare za shule ya pili.

Waliosikia kisa hicho walikisimulia kwa namna ambayo mwisho wake ulikuwa mmoja: fundi mwenyewe amekiri kwamba kazi yake ni mbovu. Watu wawili walikuja kuchukua mageti yao kabla hayajaisha. Mwingine alikuja na fundi wake mwenyewe, naye akagonga kila mshono kwa nyundo, Murunga amesimama kando kama mwanafunzi. Nyumbani Jeruto alizungumza naye kuhusu chakula, ada na watoto, na hayo mengine aliyaacha. Hakuwa amemsamehe, wala hakuwa ameondoka. Kitanda cha watoto alikirudisha mahali pake siku mnara ulipolala chini. Hakumwomba mtu amsaidie.

Katikati ya Machi, mvua ikiwa bado haijafika na vumbi la mashamba yaliyolimwa likipeperuka hadi mjini, Murunga alikuwa akichomelea dirisha moja tu alilokuwa nalo. Alinyanyua kinga ya uso akamwona Wepukhulu amesimama mbele ya kibanda, mikono mitupu, shati limelowa kwapani. Murunga alimsalimu. Wepukhulu aliitikia, akatazama barabarani, akatazama dirisha, akasema mshono ni mzuri. Kisha akakaa juu ya kipande cha mbao, na ilichukua muda kabla hajaanza.

Alisema kuna mnara mwingine. Aliutengeneza mwaka jana, upande wa Kapsoya, kwa mwanamke aliyekuwa na haraka. Miguu aliikuta imeanza kuliwa, akaibandika vibao. Tangu siku ile ya bisibisi amekuwa akipita huko kila jioni, anasimama ng'ambo ya barabara, anautazama, anarudi. Hajui atamwambia nini mwenye mnara. Ameshaanza kulipwa kwa kazi nyingine ya mama huyo.

“Chini yake kuna nini?” Murunga aliuliza.

“Chekechea.”

Murunga alivua glavu moja, kisha ya pili.

“Kwao maji yanafunguliwa siku gani?”

“Leo,” Wepukhulu alisema. “Saa nane.”

Ilikuwa saa sita na nusu. Mwenye dirisha alikuwa ameahidiwa kulichukua jioni, na hakukuwa na kazi nyingine ya kesho. Murunga alizima mashine, akachukua nyundo, akampa Wepukhulu bisibisi.

“Utasema wewe,” alimwambia. “Mimi nitasimama na wewe.”

Wakafunga kibanda wakaondoka.